Madaftari Niliyoyashika

Mwaka 2008 mamangu mdogo aliongeza uwakala wa M-Pesa katika duka lake la Majengo, Mombasa. Kabla ya hapo duka lilikuwa la unga, mafuta ya taa, sabuni za mche na kadi za simu za kukwangua. Huduma yenyewe ilikuwa changa, imezinduliwa Machi 2007, na wateja wetu wa mwanzo walikuwa wakikabidhi noti kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu, macho hayabanduki kwenye kioo mpaka ujumbe uingie. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na kazi niliyopewa ilikuwa kuandika.

Kila aliyeweka au kutoa pesa aliandikwa katika daftari kubwa lenye safu: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, namba ya muamala, kisha sahihi. Mwezi wa kwanza niliona safu tu. Baada ya muda nikawa nasoma maisha ya mtaa. Wateja wengi hawakuwa wameizoea ile simu, basi walinipa niwasomee ujumbe, na hivyo nikajua na aliyetuma. Nilijua mume gani aliyeko Nairobi hutuma matumizi kila mwanzo wa mwezi na yupi huruka miezi. Nilijua mwalimu ambaye mshahara wake hauvuki tarehe kumi. Nilijua mzee aliyemtumia mtu mmoja wa Kilifi kila Alhamisi, na kwamba hupenda kuja saa ambayo mkewe yuko sokoni. Sikuuliza lolote katika hayo. Niliyapata kwa kushika kalamu.

Mamangu mdogo aliliona hilo usoni mwangu kabla sijalisema. Jioni moja, tukishafunga mlango, alilivuta daftari akaliweka mapajani.

“Mwanangu,” akasema, “humu mna mambo ya watu, na hawakutupa kwa kutupenda. Wametupa kwa sababu wasipoandikwa hawapati pesa zao. Hii ni amana. Ulichokiona humu, hukukiona.”

Kesho yake alichukua boksi la sabuni, akalikata kipande kipana na katikati akatoboa mwanya mrefu wa upana wa mstari mmoja. Mteja alipofika kutia sahihi, kile kipande kililazwa juu ya ukurasa, mwanya ukaangukia mstari wake peke yake. Ya aliyetangulia hakuyaona, na ya kwake hakuyaona aliyefuata. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Maagizo ya uwakala yalihusu floti, namba ya siri na pesa bandia. Boksi la sabuni lilikuwa ijtihadi yake mwenyewe.

Alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko alivyokuwa mkali kwa deni. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuja akitaka namba ya msichana aliyetoka dukani muda mfupi tu uliopita, akatoa na shilingi mia mbili. Mamangu mdogo hakupandisha sauti. Alimuuliza jina la mamake, akamwambia atapita kwao magharibi kumpa salamu. Yule kijana hakurudi. Madaftari yaliyojaa aliyafungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ukimuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa njugu: siku moja alinunua njugu kwa mchuuzi wa pale Mwembe Tayari, akafungua ile karatasi iliyokunjwa kama pembe, akakuta nakala ya kitambulisho cha mwanamke, picha na namba na kijiji alikozaliwa, imechafuka chumvi. Ofisi fulani ilikuwa imeuza karatasi zake za zamani kwa kilo. Aliitunza ile nakala miezi kadhaa akiulizia kama kuna anayemjua mwenyewe.

Sikuhitaji sheria kumwelewa. Nyumba ya bibi yangu, Mji wa Kale, ilijengwa kwa fikra hiyohiyo. Mgeni hukaa barazani. Anayekaribishwa huvuka daka. Ndani hufika aliye wa ndani. Hata mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni ua, kwa maana njia ya kuingilia imepindishwa makusudi. Hodi hupigwa mara tatu, na kukiwa kimya mtu hurudi alikotoka bila kinyongo. Sisemi mtaa haukuwa na maneno. Ulikuwa nayo, tena makali, na kuna wanawake walioishi na fedheha ya uongo miaka mingi. Lakini aliyesema alikuwa na jina na kwao kulijulikana. Angeweza kufuatwa akaulizwa.

Hilo la kufuatwa na kuulizwa ndilo lililoniponyoka nilipohamia Nairobi mwaka 2011, kusomea utunzaji wa kumbukumbu za afya.

Nairobi ilikuwa mji wa madaftari ya mlangoni. Kumbukumbu ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998, ilikuwa bado hai, na baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 21, 2013, lililoua watu 67, hapakubaki jengo lisilo na meza, soja na kitabu cha wageni. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia. Pengine kitambulisho chenyewe kiliachwa mezani, ndani ya kijisanduku cha mbao pamoja na vya wengine, nawe ukapewa kadi ya mgeni. Kitabu kililala wazi, kalamu imefungwa kwa uzi. Nilipokuwa nikijiandika nilisoma, nitake nisitake, majina ya walionitangulia: huyu anakwenda kwa wakili ghorofa ya tatu, yule kwenye kliniki ya uzazi ghorofa ya tano. Hapakuwa na boksi la sabuni.

Nilianza kupokea ujumbe. Mara ya kwanza ilikuwa saa tatu za usiku: mtu nisiyemjua ananiambia ameona nina mwandiko mzuri. Wenzangu wa chuoni hawakushangaa. Wengi wao walikwisha kujifunza kugeuza tarakimu moja ya namba zao. Na namba ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Tangu katikati ya 2010 serikali ilikuwa imeagiza kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe, kwa hiyo nyuma ya kila namba kulikuwa na kitambulisho. Baadaye M-Pesa ilipoleta Hakikisha, huduma iliyookoa pesa nyingi zisiende kwa mtu asiyekusudiwa, mwenye namba yako tu aliweza kuanza kukutumia shilingi chache, akasoma jina lako kamili, akaghairi.

Siwalaumu masoja. Wamepewa kitabu na amri, na mshahara mdogo. Swali langu ni kwa aliyekitoa kitabu. Mwenye nia ya kuua ataandika jina lolote analotaka. Anayeandika jina la kweli ni yule aliyekuja kumwona daktari wa meno. Miaka yote niliyopita katika malango hayo sijamwona hata mtu mmoja akifungua kitabu cha juzi kutafuta jambo.

Katiba mpya ya Agosti 2010 ilikuwa imeshalisema hili. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake mna kifungu ambacho nikikisoma humkumbuka mamangu mdogo: habari za familia ya mtu au mambo yake binafsi zisidaiwe wala zisifichuliwe pasipo ulazima. Wengi husoma kufichuliwa wakaishia hapo. Kudaiwa kumetangulia, na kwa haki kabisa, maana kisichodaiwa hakuna wa kukifichua.

Nililielewa hilo vizuri mwaka 2015. Nilikuwa nimeajiriwa katika masijala ya kliniki moja ya mashariki mwa Nairobi, chumba chembamba chenye rafu hadi darini, ambako kila mgonjwa ana jalada lake. Mwezi wa Februari mwaka ule rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio katika hali hiyo. Kusudi lililotajwa lilikuwa jema: kupanga dawa na huduma. Lakini orodha ilikuwa ya majina, na aliyetakiwa kuikusanya alikuwa mtawala wa kiraia, si daktari.

Habari ilifika kwa wagonjwa wetu kabla ya waraka wowote kufika kwetu. Mama mmoja aliyekuwa akija kwa miadi yake bila kukosa alisimama mbele ya dirisha la masijala, akanong’ona: “Dada, jalada langu laweza kutolewa humo?” Nilimwambia jalada haliendi popote. Akaniuliza nitajuaje. Sikuwa na jibu la kumridhisha, maana ufunguo wa chumba ulikuwa wangu lakini amri haikuwa yangu. Miadi iliyofuata hakuja. Nilipiga ile namba iliyokuwa jaladani, haikupatikana tena.

Shirika la kutetea haki za afya, KELIN, na wenzake walikwenda mahakamani. Desemba 7, 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na maslahi ya watoto, akaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yahifadhiwe kwa alama, ndani ya siku 45, ili jina la mtu lisifungamane na hali ya afya yake. Nimeisoma hukumu ile mara nyingi. Wizara inahitaji kujua kaunti fulani ina watoto wangapi wanaotumia dawa, ili dawa zitoshe. Haihitaji kujua kwamba mmoja wao ni yule wa darasa la nne anayekaa karibu na dirisha. Hesabu ingetosha, waliomba majina kwa kuwa kuomba majina ni rahisi. Yule mama hakurudi, na sijui dawa alizipata wapi baadaye au kama alizipata.

Kisha ikaja mikopo ya simu, na hapo hata kalamu ikaondoka.

Mwaka 2018 nilipigiwa simu na mwanamume aliyelitaja jina la binamu yangu kwa ukali, akasema nimwambie alipe. Deni lilikuwa shilingi elfu tatu. Sikuwa mdhamini wake, sikujua amekopa. Alipoona simchangamkii, alianza kutaja majina mengine: mwajiri wa binamu, ustadhi aliyemfundisha utotoni, mchumba aliyeachana naye. Wote walikwisha kupigiwa, na baadhi yao wakatumiwa ujumbe unaomwita mwizi.

Nilimkalisha binamu nikamwomba simu yake, nikaipekua ile programu. Alipoipakua ilimwomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu wake, ujumbe wake mfupi na mahali alipo. Alibonyeza kukubali kila mahali, kwa kuwa asiyekubali hapati mkopo na alikuwa na mtoto mgonjwa. Kwenye ujumbe mfupi programu ilisoma risiti zake zote za M-Pesa: kinachoingia, kinachotoka, kwa nani, lini. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasoma katika daftari la Majengo, ila mimi nilisoma ya mtaa mmoja nikiwa nimekaa mbele ya watu wenyewe. Na ile orodha ya watu ilikuwa dhamana halisi ya mkopo. Kampuni haikuchukua televisheni yake wala kuku wake. Ilichukua heshima yake kwa watu, ikaiweka rehani.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba namba yangu ilichukuliwa bila mimi kubonyeza chochote. Nilikuwa mwangalifu kwa miaka, nikigeuza tarakimu malangoni, na kumbe nimo katika simu za watu wengine, kila mmoja na jina alilonipa, na yeyote kati yao akiwa na shida ya shilingi elfu tatu anaweza kunitoa mimi pia. Tangu hapo sikubali tena mtu aniambie kwamba faragha ni jukumu la kila mtu kivyake, awe na nywila ngumu na asome masharti. Binamu yangu angeyasoma masharti yote na bado angebonyeza kukubali, kwa sababu zahanati ilikuwa inadai. Aliondoka katika makundi yote ya familia kwenye WhatsApp, akabadilisha laini, akakosa harusi ya dadake kwa kuona haya.

Mwaka uliofuata serikali ilitaka kutuandika upya. Usajili wa Huduma Namba ulianza Aprili 2019, foleni zikajaa kwenye ofisi za machifu. Fomu iliuliza mengi: wazazi, elimu, kazi, ulemavu, ukulima na ufugaji, kisha alama za vidole na picha. Sheria iliyoutangulia ilikuwa imeruhusu hata vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Mahakama Kuu ilizuia hayo mawili mapema, na ikasema asiyejiandikisha asinyimwe huduma. Lakini mitaani neno lililotembea ni kwamba bila namba hiyo utakosa pasipoti, laini na hata kuolewa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mzee sana wakati ule. Alipoelezwa kuhusu alama za vidole aliinua mikono yake akasema hizo walikwisha kuzichukua. Alimaanisha kipande, kile cheti ambacho serikali ya kikoloni ilikiwekea sheria mwaka 1915 na kuanza kukilazimisha baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alipaswa kukibeba, wengi wakikiweka ndani ya kikebe cha bati na kukivaa shingoni, na kilikuwa na vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake. Kisipotiwa sahihi na bwana wake hakuwa huru kwenda kutafuta kazi kwingine. Babu alikibeba katika mashamba ya mkonge mpaka mfumo huo ulipofutwa mwaka 1947. Hakuwa na hotuba yoyote juu yake. Alisema tu kwamba kila mzungu aliyekifungua alijua alilipwa kiasi gani na aliyetangulia, na kwa hiyo hakuna aliyempa zaidi.

Walioishtaki serikali kwa Huduma Namba ni pamoja na jumuiya ya Wanubi, watu walioishi Kenya zaidi ya karne moja na bado wakipigwa tarehe ya kupata vitambulisho. Hoja yao inastahili kukumbukwa na kila anayedhani faragha ni anasa ya wenye kompyuta: sajili inayoamua nani yumo huamua vilevile nani hayumo. Huko Garissa kuna Wakenya wa asili ya Kisomali ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula; walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, vidole vyao vilionekana katika sajili ya wakimbizi na wakaambiwa si Wakenya. Data moja, iliyotolewa kwa njaa, ikawafungia maisha.

Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba vinasaba na vipimo vya setilaiti vilikiuka katiba, na mradi usiendelee mpaka pawepo utaratibu wa kutosha wa kuulinda. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba kadi za Huduma zilizinduliwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza madhara ya mradi kwa taarifa za watu. Katikati ya kesi hizo, Novemba 8, 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi, na mwaka mmoja baadaye Immaculate Kassait akawa Kamishna wa kwanza wa Data.

Juni 2021 Wakenya walipewa njia ya kuangalia mtandaoni kama wameorodheshwa katika chama cha siasa. Niliangalia, nikajikuta mwanachama wa chama ambacho sikuwahi kukanyaga ofisi yake. Mamangu mdogo alikuwa wa chama kingine. Maelfu walilalamika wiki ile. Kumsajili mtu kulihitaji jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi. Nilivitazama vitu hivyo vinne kwenye kioo nikaona safu zangu za 2008. Nilijiuzulu chama nisichojiunga nacho, kwa kubonyeza, na ningali nadai maelezo.

Sheria imefanya kazi, na ni haki kusema hivyo. Desemba 2021 Benki Kuu ilipewa mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za Machi 2022 zikawakataza kuwapigia watu walio katika simu ya mdaiwa na kutumia vitisho na matusi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilizitoza faini taasisi tatu kwa mpigo: kampuni ya mikopo ya KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, klabu ya Casa Vera, 1,850,000, kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na Shule ya Roma, 4,550,000, kwa kusambaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Nilimpeleka binamu yangu habari ile ya kwanza, akaisoma mara mbili. Malalamiko hayana ada, na ofisi inapaswa kuyaamua ndani ya siku 90.

Kasoro yake ninayoiona ni ya mizani. Faini haiwezi kuzidi shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Kwa shule hiyo ni pigo. Kwa kampuni inayokusanya data za mamilioni ni gharama ya chai.

Mwaka huohuo wa 2023, mwezi Julai, vijana wa mtaa wangu walikuwa wakiamka alfajiri kwenda katikati ya Nairobi kupanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC. Mradi wa Worldcoin ulikuwa unapiga picha mboni za macho kwa kifaa cha mviringo na kumpa kila mtu tokeni 25 za sarafu yao, ambazo wengi walizigeuza kuwa shilingi kama elfu saba. Kijana wa jirani yangu aliniambia bila kificho kwamba amelipia karo ya dadake. Sikuwa na neno la kumlaumu. Lakini namba ya siri ikiibwa hubadilishwa. Mboni haibadilishwi, atazikwa nayo. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, na Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru data za macho ya Wakenya zifutwe ndani ya siku saba chini ya uangalizi wa Kamishna. Alisema idhini ile haikuwa halali, kwa kuwa ilivutwa kwa ahadi ya pesa.

Hapo ndipo miaka hii yote imenifikisha, nami nalisema kazini kila nipatapo nafasi. Tunapenda mno kuuliza kama mtu alikubali. Wateja wa Majengo walikubali, binamu yangu alikubali, vijana wa KICC walikubali, na hakuna kati yao aliyekuwa na njia nyingine ya kupata alichokihitaji. Swali la kwanza ni kwa anayeuliza: hiki unakitaka cha nini, na utakifuta lini? Akishindwa kujibu, asiandike.

Duka la mamangu mdogo lingalipo. Daftari halipo, muamala humalizika ndani ya simu na msichana anayemsaidia hajui mteja katumiwa na nani. Ni afueni kwa mtaa. Aliniuliza juzi, sasa yale mambo ya watu yanakaa kwa nani? Nikamweleza juu ya kompyuta za kampuni, na wale wanaoweza kuomba kuzisoma, na sheria inayowabana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao nao wana mtu wa kuwaambia jioni kwamba hii ni amana.

Mimi sasa ndiye msimamizi wa masijala pale kliniki, na rafu zimepungua maana majalada mengi yameingia kwenye mfumo. Mwaka huu tuliifungua fomu ya kumsajili mgonjwa mpya tukaipitia safu kwa safu, nikitaka kila idara iniambie ni nani anayeitumia. Kabila halikuwa na mwenyewe. Lilifutwa siku ileile, pamoja na dini na namba ya simu ya jirani. Namba ya kitambulisho ilibaki, lakini haionekani tena kwenye kioo cha mapokezi. Jina la mwajiri limetushinda mpaka sasa. Kampuni za bima hulitaka, mhasibu anasema bila hilo malipo huchelewa, nami nasema wasio na bima wasiulizwe. Tumekubaliana kukutana tena Jumatatu, na nimemwomba alete orodha ya madai yaliyokataliwa kwa sababu hiyo, bila majina ya wagonjwa.